Uzoefu wangu na seti ya kuotesha pilipili nyumbani: mbegu safi, vyungu vya kitoto

Nyota tatu kati ya tano, na hizo tatu zote ni za mbegu na taa.

Picha ya juu ya boksi inaonyesha mpilipili uliosheheni mpaka matawi yameinama. Ndani unakuta pakiti nne za mbegu (cayenne, jalapeno, habanero na pilipili kichaa), vidonge vya makumbi ya nazi vilivyoshindiliwa, trei yenye mfuniko wa plastiki inayopitisha mwanga, vyungu vinne vya plastiki, taa ya LED ya kubana ukingoni mwa meza, vifuko vya mbolea ya kuyeyusha kwenye maji, na karatasi ya maelekezo. Hiyo karatasi nitairudia, kwa sababu ndiyo imenikera kuliko vyote.

Mbegu kwanza. Mbegu ya pilipili hupungua nguvu ya kuota kadiri inavyokaa, na seti kama hizi huweza kulala ghalani muda mrefu, kwa hiyo nilifungua nikiwa na wasiwasi. Kumbe pakiti zina tarehe ya kufungashwa, na haikuwa ya zamani. Cayenne na jalapeno ziliota karibu zote, tena kwa pamoja. Habanero na kichaa zilichelewa, na hapo si kosa la mbegu. Cayenne na jalapeno ni Capsicum annuum, ambazo kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 huota ndani ya wiki moja au mbili. Habanero ni Capsicum chinense na kichaa ni Capsicum frutescens. Hizo huweza kuchukua mwezi mzima bila kuwa na tatizo lolote. Karatasi imeandika "siku 7 hadi 14" kwa zote nne. Mtu anayeiamini atamwaga trei yenye mbegu nzima kabisa akidhani zimeoza, kisha aje kumlaumu muuzaji. Kinachohitajika ni joto linalotoka chini ya trei, lifike kwenye udongo wenyewe. Trei yangu niliiweka juu ya kabati lililo karibu na friji, mahali penye uvuguvugu usiku na mchana, na mbegu hazihitaji mwanga mpaka zichomoze.

Vile vidonge navipenda. Ukikimwagia kimoja maji ya uvuguvugu, kinatoa vipovu pembeni, halafu kinaanza kupanda juu taratibu mpaka kinakuwa na unene mara kadhaa ya ule wa mwanzo, na wavu unaokizunguka unatanuka pamoja nacho. Ni usafi mtupu, hakuna udongo kumwagika mezani. Ila kuna mambo mawili ambayo hayakuandikwa popote. Makumbi ya nazi karibu hayana chakula chochote cha mmea, kwa hiyo mche ukishatoa majani halisi (yale yanayofuata baada ya yale mawili ya mwanzo) anza kuulisha mbolea nyepesi, la sivyo unageuka rangi ya manjano na kudumaa. Pili, chana ule wavu kabla ya kuhamishia mche kwenye chungu. Mizizi mingine hupenya, mingine hubaki inazunguka humo humo.

Mfuniko nao unasemwa uachwe mpaka majani yaguse plastiki. Sikufuata, na sikushauri ufuate. Unyevu mwingi usio na hewa ndio mlango wa ugonjwa wa kinyausi: mche ulionyooka asubuhi unakuta shingo yake imenyongeka pale inapogusana na udongo na umelala. Ukishaona miche imechomoza, ondoa mfuniko, punguza maji, acha hewa ipite.

Taa ilinishangaza kwa uzuri. Mwanga unatosha kabisa kwa miche, ukiishusha ikaribie majani na kuiacha ikiwaka saa 14 hadi 16 kwa siku. Miche yangu ilitoka mifupi na minene, bila ile hali ya kurefuka kama inatafuta kitu dirishani. Lawama zangu ni ndogo: shingo ya taa hulegea na kuinama yenyewe, na saa yake ya kujizima hupoteza mpangilio kila umeme unapokatika. Lakini usitegemee taa hii kwa mmea unaozaa. Mpilipili mkubwa unataka jua la moja kwa moja, saa sita au zaidi kwa siku, na taa ndogo ya kubana mezani haiwezi kuchukua nafasi hiyo.

Sasa vyungu. Kila kimoja kinabeba kama nusu lita ya udongo, na boksi linasema humo ndimo mmea utakapoishi "mpaka mavuno". Nilitaka kuona kwa macho, nikapanda jalapeno mbili za pakiti moja, zilizoota pamoja: moja ikabaki kwenye chungu cha seti, nyingine ikaenda kwenye ndoo ya lita kumi niliyoitoboa matundu chini. Ile ya chungu ilisimama kwenye urefu wa kiganja. Kwenye siku za jua ilinyauka kabla ya saa sita mchana hata kama ilinyweshwa asubuhi, maua yakawa yanapukutika, na pilipili chache zilizoshika zilitoka na doa jeusi lililobonyea kitakoni. Huko ndiko kuoza kitako. Watu hukimbilia kuongeza chokaa, kumbe mara nyingi kalsiamu imo udongoni. Shida ni kwamba maji yanayokuja na kukatika hayaifikishi kwenye tunda. Ile ya ndoo ilinifika kiunoni na ikazaa mpaka nikaifungia mti wa kuegemea. Mbegu zilezile, maji ya bomba lilelile, mbolea ileile. Kwa hiyo kama unanunua, hesabu kabisa gharama ya vyombo vya lita tano kwenda juu, na udongo wa kuvijaza.

Mbolea ya vifuko ni ya uwiano sawa, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiwango kimoja. Wakati mmea unakua inafaa, nusu ya dozi waliyoandika. Ukianza kutoa maua, naitrojeni nyingi inakupa kichaka cha kijani cha kupigia picha na pilipili za kuhesabu. Hapo tafuta mbolea yenye potasiamu zaidi. Seti haina, na haikuambii.

Kuhusu maua yenyewe, kama mmea uko ndani hakuna upepo wala nyuki wa kuusaidia. Ua la mpilipili lina sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike, linajichavusha, linahitaji kutikiswa tu. Mimi hupiga kidole taratibu nyuma ya kikonyo, mchana maua yakiwa makavu, na ukiangalia kwa karibu unaona unga mweupe ukidondoka kutoka kwenye vile vifuko vya zambarau. Wenzangu nyumbani walikuwa wanacheka nikipita na kupiga maua vidole. Niliwajibu pilipili usiyoila yakuwashiani. Joto likizidi nyuzi 35 hivi mchana, au usiku ukishuka chini ya 15, maua yataanguka hata uyapige vidole namna gani, na hakuna dawa zaidi ya kusubiri hali ibadilike au kuusogeza mmea.

Karatasi haina neno hata moja kuhusu wadudu. Vidukari walinijia kwenye habanero, chini ya majani machanga, na nilichogundua kwanza ni ule utelezi wa kunata kwenye majani ya chini. Niliwasukuma kwa maji yenye kasi, kisha nikapulizia jioni maji yenye matone machache ya sabuni, upande wa chini wa majani. Ukirudia mara kadhaa wanaisha. Utitiri ni wasumbufu zaidi na hupenda hewa kavu ya ndani. Ukiona vinukta vya manjano na utando mwembamba, toa mmea ule mbali na mingine siku hiyohiyo.

Kuna na maneno ya kibiashara kwenye boksi. Habanero imeandikwa "kali kuliko zote duniani". Kwa kipimo cha ukali wa pilipili alichobuni Wilbur Scoville mwaka 1912, jalapeno huwa kati ya 2,500 na 8,000, cayenne 30,000 hadi 50,000, habanero 100,000 hadi 350,000. Ni kali, lakini rekodi ya dunia tangu mwaka 2023 inashikiliwa na Pepper X, aina ya pilipili iliyozalishwa na Ed Currie wa Marekani, yenye wastani wa 2,693,000. Halafu wanasema "toa mbegu ili kupunguza ukali". Pasua habanero iliyoiva kwa urefu, uigeuze kwenye mwanga: ule utando wa katikati unaoshikilia mbegu unang'aa kwa vitone vya mafuta ya manjano. Hapo ndipo ukali unapotengenezwa. Mbegu hupata wa kuambukizwa tu kwa kugusana nao. Utando ndio wa kutoa, na uvae glavu, maana maji matupu hayaondoi mafuta yale kwenye vidole. Paka mafuta ya kupikia kwanza, ndipo unawe kwa sabuni.

Jambo la mwisho ambalo boksi linapotosha ni kuuita mmea huu wa msimu mmoja. Mpilipili huishi miaka kadhaa usipopigwa na baridi kali. Kichaa yangu niliikata matawi baada ya mavuno, nikaibakiza shina na vipande vifupi vya matawi machache, ikachipua na kuzaa mapema kuliko mara ya kwanza kwa kuwa mizizi ilikuwepo tayari. Kuhusu kuhifadhi mbegu zako mwenyewe, cayenne na jalapeno zikikaa jirani huweza kuchanganyika, na mtoto asifanane na mzazi; ukitaka mbegu halisi, funika maua machache kwa kitambaa chepesi kabla hayajafunguka na uyatikise mwenyewe.

Muuzaji huyuhuyu anauza pakiti za mbegu peke yake. Mwenye ndoo, udongo mzuri na dirisha lenye jua la kutosha achukue hizo. Boksi zima linamfaa yule ambaye nyumba yake ina giza na angenunua taa kwa vyovyote.