Uzoefu wangu: mkopo wa kikundi wenye rejesho la kila wiki

Nimemaliza mizunguko mitatu katika kampuni moja ya mikopo midogo hapa Dar es Salaam, kikundi cha wanawake watano. Kwa mwenye genge, mama lishe au muuza mitumba, mkopo huu unafaa. Mfuga kuku asiukimbilie.

Kuingia si kazi: namba ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa, picha za pasipoti na biashara inayoonekana. Afisa mikopo anakuja kuikagua, kisha anaandika friji, televisheni na makochi yako kuwa dhamana. Hayo makochi ni ya kutishia tu. Dhamana yenyewe ni wale wanne wenzako wa kikundi, maana siku ya marejesho mmoja akipungukiwa, hakuna anayenyanyuka mpaka mchange hela itimie. Chagua watu ambao biashara zao umeziona kwa macho, na usikubali watano wote muuze nyanya soko moja: bei ikianguka mnaanguka wote.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Fomu inasema milioni 1, miezi 6, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Kiwango hicho ndicho ukomo wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni za mikopo zisizopokea amana za umma, kwa hiyo hakishtui. Lakini riba inapigwa kwenye milioni nzima hadi mwezi wa mwisho, hata ukiwa umebakiza laki moja. Jumla ni 210,000. Ingepigwa kwenye deni linalobaki kila mwezi, ingekuwa 122,500. Uliza hilo kabla ya kusaini.

Tena milioni hiyo huioni yote. Akiba ya lazima 100,000, fomu 20,000, bima 10,000: unaondoka na 870,000. Rejesho ni kama 50,400 kwa wiki 24, na la kwanza linakuja baada ya siku saba. Kwa kipimo changu, rejesho lisizidi nusu ya faida ya wiki. Faida, si mauzo! Yaani kazi ya siku sita ikuachie kama 17,000 kila siku baada ya kutoa mzigo, nauli na ushuru.

Kuku wa nyama wanauzwa kuanzia wiki ya tano hivi, wakati wewe unadaiwa tangu ya kwanza. Ukilazimika, tenga marejesho manne pembeni, kama 202,000. Mtaji unaobaki ni 668,000, na idadi ya vifaranga ipangwe kwa hiyo. Anayesahau hili ndiye anayeishia kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa mno, ili alipe rejesho, na kutoka huko ni shida.

Mkopo wa halmashauri hauna riba, na wanawake wametengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani. Ila unahitaji kikundi kilichosajiliwa na akaunti ya benki, na unasubiriwa sana. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024. Mwenye subira aanzie huko.

Kasoro iliyoniudhi kuliko zote ni akiba. Kuidai baada ya mzunguko kunachukua wiki kadhaa, na afisa atakushawishi uiache "kwa mkopo ujao". Omba kwa maandishi, bakiza nakala, na kila wiki hakikisha daftari lako limesainiwa palepale, hela ikiwa bado mezani.