Technics ST-C01: tamu kweli, ila ikifika 90 inaziba masikio

Hii ni tyuna, kifaa cha kushika redio ambacho sauti yake hutokea kwenye amplifaya na spika. Niliinunua Tokyo, duka la vitu vilivyotumika, kule nyuma kabisa wanakorundika vile wasivyovitolea dhamana. Yeni 3,300. Ilikuwa imelaliwa na dekki mbili za kaseti, na kilichonifanya niivute ni wembamba wake: upana kama sentimita 30, kimo 5 hivi. Tyuna nyingi za enzi zile ni masanduku ya sentimita 43. Hii waliitoa mwishoni mwa miaka ya 1970 pamoja na amplifaya za saizi hiyohiyo, na mimi nilikuwa na chumba cha mikeka sita (kule chumba hupimwa kwa mikeka), kwa hiyo ilinifaa.

Siku ya kwanza nilijuta. Nikigusa swichi ya stereo, spika ya kushoto inakata, inarudi, inakwaruza kama mtu anatembea juu ya bati. Nikafungua mfuniko, nikapuliza dawa ya kusafishia swichi, nikaichezesha mara ishirini, thelathini. Kumbe vumbi la miaka arobaini tu. Ikatulia.

Antena ni ule waya bapa wenye umbo la T, niliubandika juu ya kabati. Sasa tega NHK-FM, stesheni ya shirika la utangazaji la umma la Japani, 82.5, usiku. Unazungusha kwa vidole, unapitiliza kidogo, unarudi nyuma taratibu mpaka mchakacho unakufa ghafla. Kuna usiku walikuwa wanarusha piano, na kabla mpigaji hajaanza nilisikia kiti chake kikilia. Kiti! Kwenye simu sijawahi kusikia kitu kama hicho. Stesheni ikiwa ya mbali na ina mvumo, weka mono, yaani spika zote mbili zitoe sauti ileile moja. Mvumo unapungua sana.

Shida ilianza niliporudi nayo Dar. Aliyewahi kuendesha gari lililotoka Japani anaijua hadithi hii: FM yao inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, yetu inafika 108. Huko juu, 90 hadi 108, palikuwa pa chaneli 1 hadi 3 za televisheni ya analojia, ambayo sehemu kubwa ya nchi ilizimwa Julai 2011. Siku hizi wanarusha redio mpaka 95, lakini tyuna yangu ni ya kizamani, mshale unagota 90 na basi.

Halafu umeme. Inataka volti 100, sisi tuna 230. Mdogo wangu alishaishika plagi mkononi, anatafuta soketi, nikapiga ukelele mpaka jirani akachungulia. Nunua kwanza transfoma ya kushushia umeme, ndipo uifungue kwenye boksi.

Fundi wa redio za magari aliniwekea ekspanda, ile inayoshusha masafa, EFM ya 93.7 ikawa inakaa 77.7. Ilishika, ila na mluzi mwembamba nyuma ya sauti. Nikaitoa siku ileile. Sikubeba tyuna kutoka Tokyo nije kuisikilizia kwenye kidude cha elfu chache.

Ukiwa Japani, nunua bila kuuliza. Ukiwa huku, tafuta iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, inayofika 108. Yangu inashika Clouds 88.5 na Wasafi 88.9, zimebanana kwenye ncha ya kulia ya kioo, na zinasikika vizuri ajabu. Mama anataka EFM. Anasikilizia kwenye simu.