Ringi, bloku au injini nzima? Nimefungua, nimepima, na haya ndo maoni yangu baada ya kilomita 7,000

Wakuu, hii ni tathmini ya kazi ya kufufua injini ya pikipiki yangu, na naandika kirefu kwa sababu kabla sijafanya nilizunguka sana kuuliza na kila niliyemuuliza alinipa jibu moja tu kati ya mawili, ama "badilisha ringi" (zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni) ama "nunua injini", na hakuna hata mmoja aliyeniambia tupime kwanza. Injini yenyewe ni ya aina ya CG 125, ile ya Honda iliyokopiwa dunia nzima, ya kupozwa na hewa, haina cheni ya taimingi, ina vile vifito vya kusukuma valvu. Bloku lake, yaani silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka, likiwa jipya tundu ni milimita 56.5, kumbuka hiyo namba nitairudia.

Ilianza kidogo kidogo. Kwanza nikawa naongeza oili kabla ya muda wake, alafu ikafika hatua kila kilomita 600 nusu lita imeshapotea na chini hakuna hata tone lililovuja, hiyo si dogo ukizingatia injini nzima inabeba kama lita moja tu. Moshi wa bluu nyuma, hasa ukivuta mafuta kupanda mlima. Plagi ukiitoa ni nyeusi na ina utelezi. Nguvu nayo imeshuka, gia ya nne mlima niliokuwa napanda bila shida sasa nashusha ya tatu mpaka ya pili.

Fundi wa kwanza alisikiliza sekunde chache akasema ringi. Akafungua juu, akatoa ringi za zamani akaweka mpya kwenye bloku lilelile bila kulipitisha hata jiwe la kusugua, akafunga, siku hiyohiyo nikaondoka nayo. Wiki tatu za mwanzo ilikuwa na nafuu kidogo, alafu moshi ukarudi kama hakuna kilichofanyika. Sasa hivi naelewa kwa nini na inaniuma kwa sababu hii kazi inafanywa hivi kila siku kwa watu wengi. Bloku likichakaa halichakai sawasawa, linatanuka zaidi kule juu ringi zinapogeukia na linakuwa na umbo la yai, si duara tena, sasa ringi mpya ni duara kamili unaitia kwenye tundu la yai unategemea izibe vipi? Na ukuta umeshakuwa laini kama kioo, ile michirizi midogo ya kukatana inayoshika oili na kuisaidia ringi ijikalishe haipo. Ringi pekee inatosha pale bloku linapopimwa likaonekana bado lipo ndani ya kiwango, na hata hapo lisuguliwe upya kwanza.

Fundi wa pili ndo huyu ninayemsifia. Kitu cha kwanza hakushika spana, aliniuliza moshi unatoka saa ngapi. Nikashangaa. Akanieleza, moshi ukitoka asubuhi ukiwasha tu alafu ukapotea, au ukitoka pale unaposhuka mlima umeachia mafuta alafu ukavuta tena, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka, hiyo ni kazi ndogo na kuna watu wameuza injini zao kwa sababu ya mpira mdogo kuliko kidole. Lakini ukitoka muda wote ukiwa unavuta, hapo angalia ringi na bloku. Mweusi ni habari nyingine kabisa, hiyo ni kabureta inamwaga petroli nyingi au filta ya hewa imeziba, usimfungulie mtu injini kwa moshi mweusi.

Alafu akachukua geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, injini ikiwa ya moto, akavuta mafuta mpaka mwisho akapiga kiki mara kadhaa. Ikasoma psi 85 (psi ni kipimo cha presha). Akamimina kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi akapiga tena ikapanda mpaka 130. Hapo jibu limeshatoka, kwa sababu ile oili imeziba pembeni ya pistoni kwa muda, ingekuwa valvu ndo zinavujisha namba isingepanda vile. Ili kuhakikisha akaweka pistoni juu kabisa valvu zote zikiwa zimefunga akaingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi, tukasikiliza. Kabureta kimya, bomba la moshi kimya, ila ukifungua kifuniko cha oili unasikia upepo unatoka shhh. Upepo ukitoka kwenye kabureta ni valvu ya kuingiza, ukitoka kwenye bomba la moshi ni ya kutolea, ukitoka kwenye oili ni ringi na bloku. Haya yote hayakuchukua hata saa moja na hakuna nati ya injini iliyofunguliwa zaidi ya plagi.

Ndipo akafungua. Na hapa ndo kuna kitu ambacho mi nadhani ndo kinaamua kila kitu, wala si moshi. Akashika konrodi, ule mkono unaounga pistoni na krenki (shafti inayozunguka kule chini), kwa vidole, krenki ikiwa juu, akaivuta juu na kuisukuma chini. Haikucheza. Pembeni inacheza kidogo, hiyo ni kawaida, inatakiwa iwe hivyo. Lakini juu na chini ikicheza hata kidogo tu ukasikia tik, basi beringi ya konrodi imeisha na hapo hesabu inabadilika kabisa. Akazungusha krenki taratibu akisikiliza beringi kubwa mbili, laini. Akaangalia oili iliyomwagwa chini ya mwanga kama ina vumbi la kumetameta. Gia tulijua ni nzima kwa sababu haikuwahi kuruka yenyewe. Akaniambia, "chini kwako hakuna ubovu, huna sababu ya kununua injini."

Vipimo vya bloku vikaja, kule juu 56.62, chini 56.53. Injini ndogo kama hizi zikivuka takriban milimita 0.1 juu ya saizi ya kuzaliwa bloku halifai tena kwa pistoni ileile, kwa hiyo nilikuwa nimeshavuka. Nikabaki na njia mbili, kununua bloku jipya kamili na pistoni yake, au kulipeleka hilihili likachongwe na kuvalishwa pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25. Pistoni hizi zipo za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, maana yake bloku moja zima linaweza kuchongwa zaidi ya mara moja maishani. Nilichagua kuchonga. Sababu ni kwamba bloku langu ni la asili, chuma chake nakijua kimekaa miaka, na mabloku mengi ya bei rahisi yaliyopo kwenye maduka huwezi kujua chuma chake kwa macho. Ila angalizo kubwa, nunua pistoni KWANZA umpelekee mchongaji, achonge kwa kuifuata hiyo pistoni, wasikuchongee kwanza alafu ndo utafute pistoni.

Na tukiwa humo humo tukasaga valvu, sili mpya, gasketi zote mpya, na filta ya hewa mpya, kwa sababu filta yangu ya zamani ilikuwa imechanika pembeni na fundi anaamini vumbi la hapo ndo lililokula bloku. Naamini hivyo pia. Ukirudisha filta iliyochanika kwenye bloku jipya umefanya kazi bure.

Sasa matokeo. Kompresheni 165. Kilomita 7,000 zimepita, oili naitoa ilivyoingia, labda inapungua kidogo sana ambayo kwenye kijiti huioni vizuri. Ule mlima napanda na ya nne. Kiki imekuwa nzito mpaka mke wangu alilalamika mwanzoni, lakini inawaka kwa mara moja. Nilichokosa kupenda, kazi ilichukua siku tisa kwa sababu ya foleni kwa mchongaji na niliahidiwa nne, na wiki ya kwanza gasketi ya chini ya bloku ilivujisha, fundi akafungua akaibadilisha bila kunidai chochote. Nampa nne kati ya tano, moja imeondoka na zile siku.

Ningenunua injini lini? Kama konrodi ingecheza, beringi za krenki zinalia, na gia zinaruka kwa wakati mmoja. Rafiki yangu yalimkuta hayo, akaanza na bloku, mwezi uliofuata krenki, alafu klachi, na alipojumlisha risiti akakuta ameshapita nusu ya bei ya injini mpya na bado giaboksi ni mbovu. Huyo alitakiwa kuhama mapema. Injini ya mtumba mimi siipendi isipokuwa uisikie ikiwaka na uipime kompresheni pale pale, la sivyo unabadilisha ugonjwa unaoujua kwa usioujua. Na kumbuka injini ina namba yake, sehemu nyingi namba hiyo imeandikwa kwenye kadi ya pikipiki, kwa hiyo ukibadilisha injini ulizia na makaratasi kabisa.

Kuhusu kuizoesha, kilomita 500 za kwanza nilikwenda taratibu ila sikushika mwendo mmoja muda mrefu, nabadilishabadilisha, sibebi mzigo mzito wala siiachi inaunguruma imesimama. Oili ya kwanza niliimwaga kwenye kilomita 200 tu na ilitoka na vumbi la chuma linalong'aa, ya pili kwenye 700 ikatoka safi zaidi, tangu hapo namwaga kila 1,500. Valvu tumezipima tena juzi, ya kutolea ilikuwa imebana kidogo ikarekebishwa kwa dakika kumi, injini ikiwa ya baridi.