GIMP kwenye studio ndogo ya Kadutu: tathmini ya mwanafunzi wa miezi minne

Kwa miezi minne sasa ninajifunza kuhariri picha kwa programu ya GIMP katika studio ya yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, huku Kadutu, Bukavu, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya yeyote anayetaka kuianza peke yake, bila mwalimu, kwenye kompyuta ya kawaida. Kazi zetu ni zile zile za kila studio ya mtaani: picha za pasipoti na za viza, kadi za mialiko ya harusi, matangazo ya misiba, na mara moja moja picha ya zamani ambayo mteja anaileta ikiwa imehifadhiwa katikati ya kurasa za Biblia. Kwa kazi hizo programu hii inatosha, na kwa nyingine inazidi mahitaji. Hata hivyo, majuma matatu ya kwanza yalinitaabisha hadi nikataka kuacha, na leo ninaelewa kwamba taabu ile haikutoka kwenye ugumu wa kazi, bali kwenye mambo machache ambayo skrini haimwelezi mgeni.

Nianze na gharama. GIMP ni programu huria: hulipi chochote, hakuna leseni inayoisha muda, na ukishaisakinisha inafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kwetu si dogo. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na hadi leo inaendelezwa na watu wanaojitolea. Gharama yangu ilikuwa mega za kuipakua tu. Sikutaka nakala ya wizi ya programu ya kulipia, kwa kuwa nakala hizo mara nyingi huja na virusi, na kompyuta ya studio ndiyo inayotunza sura za watu wa mtaa mzima.

Ninatumia toleo la 2.10, lililotoka mwaka 2018, na menyu zangu ziko kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wetu tumesomea shuleni.

Tatizo la kwanza lilikuwa matabaka, ambayo menyu inayaita calques. Nilidhani picha ni karatasi moja. Kumbe ni kama vioo kadhaa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, na brashi inapaka kile kimoja ulichokichagua tu, hata kama macho yako yanatazama kingine. Mara nyingi nilipaka rangi na hakuna kilichoonekana. Baadaye nikagundua kwamba sababu zilikuwa tatu: ama nilikuwa kwenye tabaka lililofunikwa na lingine, ama nilikuwa nje ya mpaka wa tabaka, kwa maana tabaka linaweza kuwa dogo kuliko picha yenyewe, ama nilikuwa nimeacha uteuzi mdogo mahali fulani pembeni. Uteuzi ni ule mstari wa vidoti unaotembea. Ukiwepo, kila unachofanya kinaishia ndani yake, hata kama ni mdogo kama punje ya mchele. Siku hizi kila ninapokwama, kabla sijabonyeza kitu kingine, ninaondoa uteuzi na kutazama orodha ya matabaka.

Jambo la pili ni uwazi. Mteja alihitaji picha ya viza yenye mandhari meupe, nami nikafuta ukuta wa nyuma ili niweke tabaka jeupe chini yake. Badala ya kuwa wazi, sehemu niliyoifuta ikajaa rangi ile iliyokuwa imewekwa kama rangi ya usuli. Picha ya JPEG, ile aina ya kawaida ya faili za picha, haina mkondo wa alfa, yaani ile sehemu ya faili inayobeba uwazi. Ni lazima uuongeze mwenyewe kupitia menyu ya Calque, kisha Transparence. Ni amri moja tu, lakini ilinigharimu siku mbili.

Hata baada ya hapo, kufuta si njia nzuri. Wateja wetu wengi ni akina mama waliosuka nywele, na ukikata ukuta kwa kifutio, unakata na ncha za rasta. Kilichoniokoa ni barakoa ya tabaka: unapaka rangi nyeusi juu yake na sehemu hiyo inafichika; unapaka nyeupe na inarudi. Hakuna kinachopotea, na ukikosea saa nne asubuhi unaweza kusahihisha saa tisa alasiri. Kama ningepewa nafasi ya kumfundisha mwanafunzi jambo moja tu katika programu hii nzima, ningemfundisha barakoa, na ningemfundisha siku ya kwanza kabisa.

Barakoa hiyo hiyo ilinifundisha kuheshimu ngozi ya mteja. Mwanzoni nilipoona uso uko gizani niliangaza picha nzima, au nikabonyeza marekebisho ya kujiendesha yenyewe. Mama mmoja aliishika picha yake, akaitazama kwa muda mrefu, akaniambia kwa upole: «Mwanangu, huyu si mimi.» Ngozi yake ilikuwa imegeuka ya kijivu. Nilimwomba radhi, nikairudia kazi bila malipo. Sasa ninatengeneza nakala ya tabaka, ninainua kidogo rangi za katikati, zile ambazo si za giza sana wala za mwanga sana, kwa kifaa cha mikunjo, yaani Courbes, halafu kwa barakoa ninauachia mwanga uso peke yake. Matokeo ni mtu yule yule, katika mwanga bora.

Kuhusu vipimo, programu haina shida. Picha ya milimita 35 kwa 45, kama inavyotakiwa kwa viza za nchi za Schengen, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 413 kwa 531, na nane zinaenea kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15.

Kuhifadhi faili nako kuna mtego. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, amri ya kuhifadhi inatoa faili ya XCF tu, ambayo ni aina ya GIMP yenyewe na inatunza matabaka yote; ukitaka JPEG ni lazima utumie Exporter sous. Nilimtumia bibi harusi mwaliko wake wa XCF kwa WhatsApp, naye hakuweza kuufungua. Mpangilio huo niliuchukia mwanzoni, lakini sasa ninaona una maana, kwa sababu umenizuia mara nyingi kuipoteza kazi yenye matabaka kwa kuifunika na picha bapa. Ninacholalamikia ni kwamba programu haihifadhi kazi yenyewe kila baada ya dakika kadhaa. Katika mji ambao umeme hukatika bila kuaga, na kwenye kompyuta ambayo betri yake imechoka kama yetu, nilipoteza jioni nzima ya kazi ya kufuta mikwaruzo kwenye picha ya babu wa jirani. Tangu siku hiyo kidole changu kiko kwenye Ctrl na S kila baada ya dakika chache.

Kasoro nzito zaidi inahusu uchapaji. GIMP inahariri kwa rangi za mwanga, yaani nyekundu, kijani na buluu, ilhali mashine kubwa za uchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kitenge cha kijani kilichong'aa kwenye skrini yetu kilitoka kimefifia kwenye mialiko 200. Kwa picha zinazotoka kwenye printa ndogo ya studio tofauti hiyo haisumbui, lakini kwa kazi ya kupeleka kwa mchapaji, omba kwanza nakala moja ya majaribio, uionyeshe kwa mteja, ndipo ukubali kazi nzima.

Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, na ndani yake vichujio vingi, yaani amri za kubadilisha mwonekano wa picha, vinabaki vinarekebishika hata baada ya kuwekwa juu ya tabaka. Kompyuta yetu ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu, na tayari inapumua kwa shida nikifungua picha kubwa yenye matabaka kumi. Yaya ameahidi kuongeza kumbukumbu baada ya msimu wa harusi, na hapo ndipo nitahamia.