Filta ya sponji ya shilingi 18,000: miezi mitano kwenye tangi la kamba

Sikilizeni kwanza, nanyamaza kidogo.

Mmeisikia? Hiyo ngurumo si jenereta la jirani. Ni pampu ya hewa iliyokuja kwenye boksi moja na filta hii ya sponji. Nimeanza na ubaya wake makusudi, maana filta yenyewe nitaisifia mpaka mseme nimelipwa. Sijalipwa. Nimetoa hela yangu mwenyewe, 18,000, nikapata sponji mbili, mpira wa hewa na hilo jitu linalonguruma.

Karibuni tena. Kwa wageni, hapa nyumbani Dar nafuga kamba wa maji baridi, cheri wekundu, kitaalamu Neocaridina davidi, wenye asili ya China na Taiwan. Mkubwa kabisa anafika sentimita 3 hivi. Mama nilipomwambia nafuga kamba aliuliza ya kufungia mbuzi gani. Tangi ni hili, sentimita 45 kwa 30 kwa 30. Kwa hesabu ni lita 40, ila ukitoa mchanga, mawe na mimea maji yenyewe hayafiki hapo.

Kabla ya hii nilikuwa na filta ya kuning'inia, ile inayokaa mgongoni mwa tangi na kumwaga maji kama maporomoko. Maji yalikuwa safi, ukitazama unatamani kuyanywa. Majike wakabeba mayai, 20 mpaka 30 kila mmoja, wanayashika chini ya tumbo na kuyapepea kwa vile vijiguu vya kuogelea. Inachukua kama mwezi hivi mayai kuanguliwa. Nikahesabu siku. Siku zikatimia, mayai hayapo na watoto hawapo. Nikawashuku samaki wadogo wawili aina ya gapi niliokuwa nao, nikawahamishia kwenye ndoo. Mzunguko wa pili, vilevile. Nimewasingizia watu wa watu.

Jumamosi moja nafungua filta nioshe, naona vitu vinarukaruka kwenye uchafu. Watoto! Nilihesabu 17, wazima, wamenenepa kuliko wazazi wao. Mtoto wa cheri anazaliwa kamba kamili, ana miguu na mkia, ila ana milimita 2 tu. Huo mdomo wa filta kwake ni lango la mji. Hao 17 ndio niliowaona. Waliopita kwenye panga la mota sijui nisemeje.

Sasa tazameni hii inavyofanya kazi. Hewa inaingia hapa chini ya bomba, inapanda kwa mapovu, na ikipanda inayabeba maji. Maji mengine yanaingia kuziba nafasi, na njia yao ni moja tu, kupitia sponji. Majini hakuna panga wala mdomo. Uchafu unabaki kwenye vitundu, na humo ndimo wanamokaa bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu ya kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, kisha nitreti. Amonia na nitriti zinaua kamba haraka, kwa hiyo mkinunua filta leo msinunue kamba leo. Iacheni ifanye kazi wiki 4 mpaka 6 bakteria wajae, pimeni, zote mbili zisome sifuri. Najua hakuna atakayenisikiliza. Hata mimi sikusikiliza.

Ngoja nisogeze kamera. Sponji ya kushoto, mnaona hivyo vidoa vyekundu? Ni watoto, wanakula. Sponji ikikaa muda inaota utando laini, na mtoto wa cheri chakula chake kikuu ni huo utando. Yaani filta ndiyo chujio, ndiyo nyumba ya bakteria, na ndiyo meza ya chakula. Nilipoifunga filta hii miezi mitano iliyopita nilikuwa na kamba wakubwa 12. Jana nimehesabu mpaka 90, wakanichanganya, nikaacha.

Haya, lawama. Sponji ikiwa mpya inaelea kama boya, na kitako chake ni chepesi mno. Ikamueni ndani ya maji mpaka mapovu yaishe, la sivyo asubuhi mtaikuta inaogelea. Vile vikombe vya mpira vya kunata kwenye kioo vilishika siku nne. Mimi nimeifunga kwenye jiwe.

Kelele za pampu nilizipunguza kwa kukata soli ya kandambili na kuiweka chini yake. Nyingi zilikuwa mtetemo wa meza. Zilizobaki ni zake mwenyewe.

Kosa kubwa ni kwamba boksini hamna valvu ya kuzuia maji kurudi. Niliweka pampu chini ya meza, umeme ukakatika usiku wa manane, maji yakarudi na ule mpira mdogo mpaka ndani ya pampu, yakaanza kudondokea kwenye ekstensheni. Kwa umeme wetu huu, kutoiweka valvu ya bei ya soda ni uzembe wa mtengenezaji. Nunueni wenyewe, au wekeni pampu juu kuliko usawa wa maji.

Kuna jambo jingine ambalo hamtalikuta kwenye boksi lolote. Pampu hii inavuta hewa ya chumbani na kuipuliza majini. Mdogo wangu alipuliza dawa ya mbu humu ndani, akafunga mlango kama inavyotakiwa. Asubuhi kamba sita chali. Dawa nyingi za kopo zina pairethroidi, sumu ya kuua wadudu, na kamba anaumia kwayo kama mdudu yeyote. Siku hizi wakipuliza nazima pampu, nafunika tangi kwa kanga iliyoloa, nafungua madirisha, ndipo nawasha tena. Dawa za samaki zenye shaba nazo ni hivyohivyo, zinamponya samaki zinamuua kamba.

Kuosha ni rahisi. Chota maji ya tangini kwenye ndoo, kamua sponji humo mara mbili tatu, rudisha. Msikamulie bombani, klorini itaua bakteria wenu. Zikiwa sponji mbili, osha moja wiki hii, nyingine baada ya wiki mbili. Maji ya kuongezea nayaacha kwenye ndoo wazi siku nzima. Kisima chetu kina chumvi, sikigusi.

Joto je? Februari kipimajoto changu kilisoma nyuzi 31, na cheri raha yake ni 22 mpaka 26. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na hapo haya mapovu yalinisaidia kweli. Juu yake nikaongeza feni inayopuliza usoni mwa maji.

Vingine wenzetu wa Ulaya wanaviagiza kwa posta, sisi tunavikanyaga. Majani makavu ya mti wa mkungu, haya hapa, nimeokota barabarani, nikayachemsha. Na ule mfupa mweupe wa dome, ndugu yake ngisi, unaookotwa ufukweni. Loweka kwenye maji matamu chumvi itoke, tumbukiza kipande. Ni kalsiamu hiyo, inamsaidia kamba kujivua gamba. Nasema gamba lenyewe, si siasa za CCM za 2011. Mkiliona ganda tupu msililie, wala msilitoe, atalila.

Kabla sijasahau, ile ndoo ya kukamulia ina watoto. Ichungulieni kabla ya kumwaga, na msimwage mtaroni. Ujerumani cheri hawa wameshakutwa wakiishi kwenye kijito cha Gillbach, kinachopokea maji ya joto ya kituo cha umeme. Huku kwetu joto si la kutafuta, na tuna vikamba vyetu visivyohitaji wageni hawa: Ziwa Tanganyika lina jamii zisizopatikana kwingine, na Ziwa Victoria lina Caridina nilotica, chakula cha sangara wachanga.

Aliyeniuliza kama filta hii itamfaa kwa kamba wa Amano, aina nyingine ya kamba wa kufuga, itafaa kuwatunza. Kuwazalisha ni habari nyingine, lava wao, yaani watoto wanaoanguliwa hawajawa kamba kamili, wanahitaji maji ya chumvi, hakuna filta itakayobadilisha hilo.

Kwa hiyo sponji naipa 9 kwa 10, pampu naipa 2. Kama dukani wanauza sponji peke yake, chukueni hiyo, hela inayobaki wekeni kwenye pampu ya maana. Yangu nyingine nimenunua 25,000, na leo nimeirudisha hii ya zamani ili muisikie tu. Jike yule pale kwenye jani la mkungu amebeba mayai tangu Jumapili ya juzi, na mimi kichwa kinaniuma. Nazima kamera, nabadilisha pampu.