Boti ya asubuhi Dunga kutafuta fisi maji: uzoefu wangu

Nimetoka Ziwa Victoria, hapa Kisumu, mara mbili mwezi huu na boti mbili tofauti, na wacha nieleze zote mbili juu watu wengi wanalipa pesa yao, wanarudi wakisema hawakuona kitu, alafu wanadhani ziwa halina wanyama.

Ilianza na klipu. Ndugu yangu anakaa London, akatutumia kwa WhatsApp sili wawili wamelala kwa matope huko chini ambapo mto Thames unakaribia bahari, na msichana wangu wa miaka nane akaiangalia mpaka bando ikaisha, alafu akaniuliza, "Baba, sili wetu wako wapi?" Nikamwambia sili hatuna. Kuna sili wa maji yasiyo na chumvi huko Urusi, ziwa Baikal, lakini Victoria hajawahi kukaa. Sisi tuko na fisi maji, naye pia ni mnyama wa manyoya anaishi kwa kushika samaki, tofauti ni kwamba ako na miguu minne na mkia mrefu, sili ako na mapezi. Akasema basi twende tumwone huyo. Mimi mwenyewe nimeishi Kisumu miaka kumi na mbili na sikuwa nimemwona hata siku moja.

Boti ya kwanza sitaitaja wala mahali tulipandia. Tulitoka saa nane mchana, jua kali, upepo umeshaanza kupiga mawimbi, injini inanguruma mwanzo mpaka mwisho. Fisi maji hatukuona hata unywele. Kilichoniuma zaidi ni kiboko. Walikuwa kama watano, masikio na pua tu ndo zinaonekana, na yule kijana wa kuendesha boti akaielekeza kwao na injini ikiwaka ndo tupige picha vizuri, mmoja akafungua mdomo wote, na watu kwa boti wakaanza kushangilia ati anapiga miayo. Kiboko akifungua mdomo hivyo anakuonya. Ni mnyama wa zaidi ya kilo elfu moja, anaweza kuzama dakika tano hujui ataibukia wapi, na mimi niko na mtoto kwa boti. Nilimwambia arudi nyuma, hakusikia mpaka nikasimama. Hio siku sikulala vizuri.

Sasa boti ya pili. Jirani yangu ambaye huuza omena aliniambia nitafute mzee mmoja pale Dunga, alikuwa mvuvi zamani, siku hizi anapeleka watu kuangalia ndege. Tulitoka Nyamasaria na tuktuk bado giza, saa kumi na mbili na robo tukawa ufuoni. Bei tulikubaliana 2,500 boti nzima masaa mawili, nikatuma M-Pesa. Jaduong' (ndo Wajaluo wanaita mzee) alitupa masharti matatu kabla hatujapanda: laifjaketi haivuliwi, hakuna kusimama, na yeye akiinua mkono kila mtu ananyamaza hata kama anawashwa. Akawasha injini dakika chache tu, tulipofika pembeni ya mafunjo akaizima na kuchukua upondo. Hapo ndo nikaona pesa yangu inafanya kazi.

Ukimya ule sijui niuelezee aje. Unasikia ndege ndani ya mafunjo, kuna mmoja mwekundu kifuani, mgongo mweusi, kichwa cha manjano, jaduong' akasema huyo maisha yake yote ni ndani ya mafunjo, mafunjo yakikatwa yote na yeye ameisha. Mdiria wamesimama hewani wakipiga mabawa alafu wanadondoka majini kama jiwe. Furukombe akalia juu ya mti, msichana akashtuka.

Alitufundisha kusoma maji, na hii nawapa bure. Shingo nyembamba imesimama wima kama kijiti, huyo ni mnandi. Kichwa kimelala chini na mwili unajipinda kushoto kulia, huyo ni kenge. Fisi maji kichwa chake ni bapa, kinachora alama ya V nyuma yake, na akizama unaona mgongo unapinda alafu mkia unafuata. Mkia ukifuata hivyo, angalia mapovu.

Tulikaa kama dakika arobaini bila kitu. Nilishaanza kuangalia saa ndo mkono wa jaduong' ukainuka. Mapovu madogo madogo yanakuja kwa mstari, yakasimama, alafu kichwa kikatoka kama mita saba hivi kutoka kwetu. Ako na samaki. Amemshika na mikono miwili kabisa kama mtoto ameshika mahindi, ameanza na kichwa, na unasikia mifupa ikivunjika, krap krap, kwa ule ukimya. Ndevu zimejaa matone. Alipoinua kidevu kumeza nikaona koo lake, hudhurungi na madoa meupe meupe, kila mmoja ako na madoa yake. Wa pili akatokea nyuma akilia sauti nyembamba kama filimbi, wakazama pamoja. Msichana alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zimeingia.

Jaduong' alisema asubuhi ni muhimu juu fisi maji wa huku anawinda kwa macho, maji yakichafuka anahangaika. Na maji ya ghuba yetu ya Winam yanachafuka kila mwaka, udongo kutoka mashambani, maji taka ya mji, gugu maji ambalo limetusumbua tangu miaka ya 1990. Wengine wananaswa kwa nyavu wanakufa maji, na wavuvi wengine wanawachukia juu wanararua nyavu. Yeye mwenyewe aliwahi kuwachukia, alituambia hivyo bila kuficha.

Kiboko tuliwaona pia tukirudi, kutoka mbali sana, jaduong' akawakwepa bila kuambiwa.

Shida ni mbili. Laifjaketi ya saizi ya mtoto ilikuwa moja tu, ukienda na watoto wawili ulizia mapema. Na darubini hana, beba yako, mimi niliazima ya rafiki.

Tuliporudi ufuoni akina mama walikuwa wanaanika omena. Msichana akaniomba simu kabla hata sijamlipia chai, akampigia baba mdogo London, huko bado ni usiku, na kitu cha kwanza alisema ni, "Wetu ako na mikono."