Kujiengua au kubaki: SDP na Labour, Uingereza 1981

Mkikosana na chama chenu, mjiengue au mbaki? Mwaka 1981 wabunge kadhaa wa mrengo wa wastani walijiengua kutoka chama cha Labour wakaunda SDP (Social Democratic Party); wenzao wakabaki. Kwa kura, waliojiengua hawakufanya vibaya. Mwaka 1983 muungano wa SDP na chama cha Liberal ulipata asilimia 25.4, Labour 27.6. Kasheshe ilikuwa viti: 23 kwa 209. Kila jimbo humpa kiti anayeongoza tu, na kura za muungano zilitawanyika nchi nzima huku za Labour zikirundikana kwenye majimbo ya viwanda.

Kwa uhuru wa sera, SDP ilikuwa mbele. Kwa fedha, Labour ilikuwa na vyama vya wafanyakazi. Lakini kubaki nako kulikuwa roho mkononi: Denis Healey, wa mrengo wa wastani, alimshinda Tony Benn wa mrengo wa kushoto kwenye kura ya unaibu kiongozi wa Labour kwa chini ya asilimia moja.

Nanyi mnaofikiria kuhama chama: wafuasi wenu wamejazana eneo moja, au viti hugawanywa kwa uwiano wa kura? Jiengueni. Wametawanyika? Pambaneni humohumo ndani.